Mashine Iliyoganda: Historia ya Mifumo Endeshi Mipya katika Kompyuta Kuukuu, kwa Kurejelea Rukoki, Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya tatizo linalojulikana na karibu kila mtumiaji wa kompyuta, lakini ambalo limepata nafasi finyu katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili: kompyuta kuganda muda mfupi baada ya kuwekewa mfumo endeshi mpya. Kwa kuzingatia mazingira ya Rukoki, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, makala inadai kwamba mgando huo kwa kawaida hautokani na uzembe wa mtumiaji. Hutokana na kutolingana kwa umri wa mashine iliyoko mezani na ratiba ya kampuni inayotengeneza programu mbali na meza hiyo. Makala inaonyesha pia kwamba vitenzi vya kawaida vya Kiswahili, yaani kukwama, kuganda na kuzimika, vinaweza kuwa hatua ya kwanza ya kutafuta chanzo cha hitilafu. Inahitimisha kwa mapendekezo matano kwa wapangaji wa ununuzi, wa mafunzo na wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Rukoki ni mahali penye makao makuu ya serikali ya wilaya ya Kasese. Hapo ndipo taarifa za shule, zahanati, kodi na ardhi kutoka pande zote za wilaya hukusanywa kabla ya kupelekwa Kampala. Zaidi ya kilomita 50 kusini-magharibi ipo Bwera, na baada yake mpaka wa Mpondwe, ambapo watu na bidhaa huvuka kila siku kwenda na kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati ya ncha hizo mbili kazi ya ofisi hutegemea kompyuta kwa kiwango ambacho kizazi kilichopita kisingekitarajia.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia viungo vyote vya kompyuta: prosesa, kumbukumbu ya kazi, diski, skrini, kibodi na mtandao. Unapobadilishwa, mashine hubaki ileile kwa umbo, lakini kila kiungo chake hupewa msimamizi mpya. Iwapo msimamizi huyo hajui tabia ya kiungo kimojawapo, mashine inaweza kufanya kazi kwa saa moja, au siku tatu, kisha ikasimama ghafla katikati ya ripoti.

Jambo hili kwa kawaida huachiwa fundi, na mazungumzo huishia kwenye bei ya matengenezo. Makala hii inalichukulia kama suala la historia. Swali lake ni hili: ni maamuzi gani, yaliyofanywa wapi na lini, yanayokutana ndani ya kompyuta moja hadi ikaganda? Jibu lina uzito kwa watunga sera, kwa sababu mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na ofisi nyingi katika ukanda wetu zinalazimika kuamua juu ya mfumo mpya kwa mashine zilizokwisha kuzeeka.

2.0 Vitenzi vitatu

Wanaistilahi wa Kiswahili wamejadili kwa miaka mingi kama kifaa hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa wa nomino. Vitenzi vya hitilafu havikujadiliwa kwa kiwango hicho, ingawa ndivyo ambavyo mtumiaji hutamka kwanza anapomwita fundi. Vitenzi hivyo vina ubainifu mkubwa kuliko tunavyodhani.

Kitu kinapokwama, nguvu bado ipo ila njia imefungwa. Lori lililokwama matopeni injini yake huendelea kunguruma. Kompyuta iliyokwama ni hivyohivyo: kishale bado kinasogea, taa ya diski inawaka mfululizo, na baada ya dakika kadhaa dirisha lililofifia linaweza kurudi. Hali hiyo huelekeza kwenye diski iliyolemewa au inayochakaa, kwenye uhaba wa kumbukumbu ya kazi, au kwenye programu moja iliyonyang'anya wenzake nafasi.

Kitu kinapoganda, kama samli iliyopoa ndani ya chungu, hakuna sehemu yake inayotembea. Katika kompyuta iliyoganda kishale kimesimama, saa iliyoko pembeni mwa skrini haihesabu tena, na taa ya herufi kubwa kwenye kibodi haibadiliki hata kitufe chake kikibonyezwa. Hapo hitilafu iko chini zaidi ya programu za kawaida. Iko katika kiini cha mfumo endeshi, katika viendeshi, au katika maunzi yenyewe. Kiendeshi ni programu ndogo inayoufasiria mfumo endeshi lugha ya kifaa fulani, kwa mfano kadi ya picha au kidhibiti cha diski.

Kitu kinapozimika, chanzo cha nishati kimekatika. Kompyuta inayozimika bila onyo, au inayojizima na kujiwasha, humwelekeza fundi kwenye kisanduku cha umeme, kwenye joto la prosesa, au kwenye nyaya za jengo.

Mtumiaji anayesema tu kwamba kompyuta imeharibika humpa fundi kazi ya kukisia. Anayeeleza kwamba iliganda, haikukwama, amekwisha kumpunguzia nusu ya njia. Utaratibu wa kutafuta hitilafu unaweza kufundishwa kwa maneno haya, bila kusubiri kamusi mpya.

3.0 Kasese na mitambo ya kuletwa

Wilaya hii ina kumbukumbu ndefu ya mitambo iliyosanifiwa kwingine. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo uzalishaji wa shaba katika mgodi wa Kilembe ukaanza. Mgodi uliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuwaunganisha kazini na katika makazi yao. Umeme wa mgodi ulitoka katika mto Mubuku, unaoteremka kutoka Rwenzori. Mitambo hiyo ilidumu kwa miongo kadhaa kwa sababu iliambatana na karakana, vipuri na mafundi waliokaa karibu nayo. Uzalishaji wa shaba ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mfano wa pili ulikuwa na mwisho tofauti. Katika Ziwa Katwe, ambako chumvi imevunwa kwa mikono tangu kabla ya ukoloni, kiwanda cha kisasa kilijengwa katika miaka ya 1970 na wataalamu wa Kijerumani. Kilipojaribiwa, maji ya ziwa yaliyokolea chumvi yaliyala mabomba yaliyopaswa kuyachemsha. Kiwanda kikasimama, ilhali wavunaji waliendelea na kazi yao kama zamani, na magofu yake yalibaki ukingoni mwa ziwa.

Kilichoshindikana Katwe kilikuwa ulinganifu. Mabomba yangeweza kufanya kazi kwa miaka mingi katika maji ya aina nyingine, na maji yale hayakuwa na kosa. Tofauti baina ya vitu hivyo viwili ndiyo iliyopaswa kupimwa kabla ya ujenzi kuanza. Mfumo endeshi mpya na kompyuta kuukuu huhusiana kwa namna hiyohiyo: kila kimoja kinaweza kuwa kizima, na bado visiweze kufanya kazi pamoja.

4.0 Historia fupi ya mgando

Kuganda kwa kompyuta ndogo kuna umri sawa na kompyuta hizo zenyewe. IBM ilipoandaa kompyuta yake binafsi, iliyoingia sokoni mwaka 1981, mhandisi David Bradley alibuni mchanganyiko wa vitufe vitatu, Ctrl, Alt na Del, ili wahandisi waweze kuianzisha upya mashine bila kuizima kabisa. Njia hiyo ya ndani ya maabara baadaye ilienea duniani kote, jambo linaloonyesha jinsi mgando ulivyokuwa wa kawaida tangu mwanzo.

Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na hitilafu inayostahili kukumbukwa. Mfumo ulihesabu muda tangu kuwashwa kwa elfu za sekunde, katika hesabu yenye nafasi 32 za tarakimu za mbili. Hesabu hiyo ilijaa ilipofika 4,294,967,296, yaani baada ya siku 49 na takriban saa 17, na mashine ikaganda. Hitilafu haikutangazwa hadi mwaka 1999. Ni mashine chache zilizowahi kukaa muda huo wote bila kuanzishwa upya, na mahali ambapo umeme ulikatika mara kwa mara, uwezekano wa kuishuhudia ulikuwa mdogo zaidi. Tunajifunza hapo kwamba mazingira yanaweza kuificha hitilafu kama yanavyoweza kuizalisha.

Windows XP ilitolewa Oktoba 2001 na ikaungwa mkono hadi tarehe 8 Aprili 2014, zaidi ya miaka 12. Ndani ya kipindi hicho Uganda ilipanua matumizi ya kompyuta katika shule na ofisi za wilaya, kwa sehemu kupitia mfuko wa maendeleo ya mawasiliano vijijini wa Tume ya Mawasiliano, ulioanza kazi mwaka 2003. Watumishi wengi walijifunza kompyuta kwa mfumo huo mmoja, na wakauona kuwa ndiyo sura yenyewe ya kompyuta.

Mwaka 2007 Windows Vista ilionyesha gharama ya kubadili msimamizi. Ilibadilisha namna viendeshi vya picha vinavyofanya kazi, huku watengenezaji wa vifaa wakiwa hawajajiandaa. Nyaraka zilizotolewa baadaye katika kesi iliyofunguliwa Marekani zilionyesha kwamba viendeshi vya kampuni moja tu ya kadi za picha vilihusishwa na karibu asilimia 29 ya mivurugiko iliyorekodiwa mwaka huo. Mtumiaji aliyelaumiwa kwa kubonyeza vibaya hakuwa na uwezo wowote juu ya jambo hilo.

Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015, na kwa mwaka wa kwanza ilitolewa bure kwa wenye Windows 7 na 8.1. Toleo lake la Agosti 2016 liligandisha baadhi ya kompyuta ambazo mfumo uliwekwa katika diski ya elektroniki huku programu na mafaili vikiwa katika diski nyingine. Microsoft ilikiri tatizo hilo na kulirekebisha. Januari 2018, sasisho la kuziba udhaifu wa kiusalama katika prosesa lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye prosesa za zamani za AMD zishindwe kuwaka, hata usambazaji wake kwa mashine hizo ukasimamishwa kwa muda. Miaka minne baadaye, AMD ilikiri kwamba kitunza-funguo cha usalama kilichomo katika baadhi ya mashine zake kilisababisha kusita kwa vipindi katika Windows 10 na 11, ikatoa marekebisho ya programu ya ubao mama.

Mfumo huria wa Linux haukukingika. Mwaka 2015 ilisajiliwa hitilafu iliyozigandisha kompyuta zenye prosesa za bei nafuu za Intel za kizazi cha Bay Trail. Prosesa hiyo ilipoingia katika usingizi mzito wa kuokoa umeme ilishindwa kuamka. Kwa muda mrefu dawa ya watumiaji ilikuwa kuandika amri moja fupi ya kuizuia isilale kupita kiwango fulani. Prosesa hizo ziliwekwa katika kompyuta ndogo za bei ya chini, aina ambayo shule na wanafunzi wenye kipato kidogo huimudu.

Mlolongo huu unaonyesha mtindo mmoja. Hitilafu nyingi zilitoka kwenye mpaka wa majukumu baina ya mwenye mfumo endeshi, mwenye prosesa na mwenye kadi ya picha. Kila mmoja alikuwa na ratiba yake, na mtumiaji alikutana na tofauti za ratiba hizo kama skrini isiyotikisika.

5.0 Umeme, joto na asili ya mashine

Mambo yaliyoelezwa hadi hapa yangeweza kutokea popote. Huko Kasese yanakutana na hali nyingine tatu.

Ya kwanza ni umeme. Ukame na kushuka kwa kina cha Ziwa Victoria mwaka 2005 na 2006 kulisababisha mgao mkali wa umeme Uganda nzima, na nafuu kubwa ilipatikana baada ya bwawa la Bujagali kuzinduliwa Oktoba 2012. Hata pale umeme unapotosha, msukumo wake unaweza kupanda na kushuka. Kompyuta inayokatwa umeme wakati mfumo endeshi unawekwa, au wakati programu ya ubao mama inapobadilishwa, inaweza kubaki na mfumo nusu: inawaka, inafanya kazi ndogondogo, kisha inaganda inapogusa faili ambalo halikukamilika.

Ya pili ni joto na vumbi. Mji wa Kasese umelala katika sakafu ya Bonde la Ufa, karibu kabisa na mstari wa ikweta, ilhali milima ya Rwenzori inayouangalia hufikia mita 5,109. Joto la bondeni na vumbi la barabara za murami huziba feni na kukausha dawa ya kupitishia joto iliyopakwa juu ya prosesa. Mfumo mpya unaoitumikisha prosesa zaidi kuliko ule wa zamani hufichua udhaifu uliokuwepo. Mashine iliyovumilia Windows 7 kwa miaka 6 inaweza kuganda siku ya pili ya Windows 10, na mtumiaji akahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba mfumo ndio mbaya.

Ya tatu ni asili ya mashine. Kompyuta nyingi za Afrika Mashariki ziliingia zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya, Marekani au Ghuba. Zile zilizotengenezwa takriban kati ya mwaka 1999 na 2007 zilipitia kipindi kibaya cha kapasita za ubao mama, ambazo maji ya ndani yake yalikuwa na kasoro. Kapasita hizo huvimba kichwa na kuvuja, na dalili yake ya kwanza ni mgando usio na utaratibu. Joto huharakisha uchakavu huo. Kwa kanuni ya wahandisi, kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi hupunguza umri wa kapasita ya aina hiyo kwa takriban nusu. Mashine kama hizo ziliwasili mara nyingi bila diski ya viendeshi na bila kumbukumbu yoyote ya matengenezo yaliyotangulia.

Upatikanaji wa viendeshi nao una historia yake. Kabla ya nyaya za baharini SEACOM, TEAMS na EASSy kuanza kazi mwaka 2009 na 2010, intaneti ya Uganda ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Kupakua kiendeshi kikubwa kungeweza kumaliza bajeti ya ofisi. Nyaya zilipunguza gharama, lakini tangu Julai 2021 ushuru wa asilimia 12 hutozwa kwenye data ya intaneti, ingawa matumizi ya afya na elimu yalipewa msamaha. Sasisho la mfumo endeshi lenye uzito wa gigabaiti kadhaa ni uamuzi wa kifedha kwa shule ya kijijini.

6.0 Utaratibu wa kutafuta chanzo

Historia hiyo inatoa mpangilio wa kazi. Jambo la kwanza ni kunakili data za mtumiaji mahali pengine, kwa sababu kila jaribio linalofuata linaweza kuiua diski inayokufa. La pili ni kuandika: tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, muda tangu mashine iwashwe, na kitenzi kinachofaa miongoni mwa vile vitatu. Mgando unaotokea dakika 20 baada ya kuwasha kila mara huashiria joto. Unaotokea wakati wa kufungua picha au video huashiria kiendeshi cha picha. Usio na utaratibu wowote huashiria kumbukumbu ya kazi, kapasita au umeme.

Jambo la tatu ni kutenganisha maunzi na programu. Njia rahisi ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo hai wa Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, na kuitumikisha kwa saa kadhaa. Ikitulia, lawama huhamia kwenye mfumo uliowekwa, viendeshi vyake au diski. Ikiganda hapo pia, maunzi yanashukiwa. Hata hivyo, mfano wa Bay Trail unaonya kwamba jaribio hili peke yake si hukumu, kwani mfumo wa majaribio nao unaweza kuwa na hitilafu yake.

Jambo la nne ni kupima kumbukumbu ya kazi kwa programu maalumu usiku kucha, kisha kuchomoa kadi zake moja baada ya nyingine. La tano ni kusoma taarifa ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, na kubadili kebo yake kabla ya kuilaumu. La sita ni kufungua kasha, kuondoa vumbi na kuangalia vichwa vya kapasita kwa macho. Kazi hizi za awali hazihitaji intaneti wala vipuri vya bei kubwa.

Jambo la saba ni viendeshi. Mashine iwashwe katika hali salama, ambamo mfumo hupakia viendeshi vya msingi tu. Ikitulia katika hali hiyo, kiendeshi kimojawapo au programu ya kinga ya virusi iliyorithiwa kutoka mfumo wa zamani ndiyo chanzo kinachoelekea zaidi. Viendeshi vichukuliwe kwa mtengenezaji wa mashine, na vibadilishwe kimoja kimoja ili mabadiliko yajulikane.

Jambo la nane ni kurudi nyuma, na hapa muda ni muhimu kuliko ufundi. Mtu anapopandisha toleo la Windows 10 au 11 juu ya mfumo uliopo, mfumo wa zamani huhifadhiwa kwa siku 10 kisha hufutwa wenyewe. Ndani ya siku hizo, amri moja inaweza kuuongeza muda huo hadi siku 60. Pale ambapo fundi hupatikana mara moja kwa mwezi, siku 10 ni sawa na kutokuwa na njia ya kurudi. Aliyefuta diski yote na kuweka mfumo upya hana hata siku hizo 10.

7.0 Kilicho hatarini

Tangu mwaka 2012 Uganda imetumia nchini kote mfumo wa DHIS2 kukusanya takwimu za afya kutoka vituoni. Mfumo huo hufanya kazi kupitia intaneti, hivyo data iliyokwisha kutumwa haipotei kompyuta ya kituo inapoganda. Kinachochelewa ni kilichobaki katika karatasi. Kucheleweshwa huko kuna maana maalumu katika wilaya ya mpakani. Juni 2019 Wizara ya Afya ilithibitisha wagonjwa wa Ebola waliokuwa wamevuka kutoka Kongo, na kituo cha matibabu cha Bwera kikawa mstari wa mbele. Ufuatiliaji wa ugonjwa kama huo huhesabiwa kwa siku, na karatasi zinazosubiri mashine moja mezani ni siku zilizopotea.

Mkondo wa lugha nao ni halisi. Wazungumzaji wa Kilhukonzo wa Kasese na wa Kinande wa ng'ambo ya mpaka huelewana, na Kiswahili huwaunganisha na wengine wote katika biashara. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kielekezwe kufundishwa kwa lazima shuleni. Kwa upande wa teknolojia, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft ikafuata kwa tafsiri ya Kiswahili ya Windows na Office. Tafsiri hizo ziligusa menyu na vitufe, yaani kompyuta inapokuwa nzima. Inapoganda, mtumiaji hubaki na namba za makosa na majina ya mafaili ya viendeshi. Maelezo ya namba hizo kwa Kiswahili, yaliyochapishwa kwenye karatasi, yangemsaidia mtumishi wa Bwera kuliko menyu iliyotafsiriwa yote.

Uamuzi unaowakabili wapangaji wa leo ni mgumu. Windows 11 hudai kitunza-funguo cha toleo la 2.0, kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na prosesa ambazo kwa upande wa Intel kwa jumla huanzia kizazi cha 8. Zipo njia za kuukwepa ukaguzi huo, lakini toleo la mwaka 2024 halianzi kabisa kwenye prosesa za zamani zilizokosa maelekezo fulani. Kubaki na Windows 10 ni kubaki bila viraka vya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji binafsi umepangiwa kuishia Oktoba 2026. Kuhamia Linux huokoa fedha za leseni na kuhitaji mafunzo. Kununua mashine mpya kunahitaji fedha, na huacha rundo la taka za elektroniki.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba mgando unaofuata mfumo endeshi mpya una historia inayoweza kufuatiliwa, na kwamba historia hiyo huanza kabla ya siku ambayo mtumiaji alibonyeza kitufe cha kukubali. Kwa hiyo mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

Kwanza, kila kompyuta ya umma iwe na daftari lake, lililoandikwa kwa Kiswahili au lugha ambayo watunzaji wake wanaielewa, lenye mwaka wa kutengenezwa, aina ya prosesa, kumbukumbu ya kazi, matengenezo na tarehe za migando. Mashine bila daftari ni mgonjwa bila kadi.

Pili, mfumo mpya ujaribiwe katika mashine moja ya kila aina kwa siku zisizopungua 30 kabla ya kusambazwa, na muda wa kurudi nyuma uongezwe hadi siku 60 siku ileile ya kuuweka.

Tatu, wilaya iwe na hifadhi ya viendeshi na mifumo hai katika diski moja inayotunzwa Rukoki na kunakiliwa Bwera, ili fundi asipakue faili lilelile mara 20 kwa gharama ya umma.

Nne, bei ya kompyuta katika bajeti ijumuishe kidhibiti cha umeme, betri ya akiba na usafi wa kila mwaka. Kompyuta iliyonunuliwa bila hivyo imenunuliwa nusu.

Tano, vyombo vya lugha, vikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa, viandae msamiati wa hitilafu unaoanza na vitenzi, na mitaala ya teknolojia ya sekondari iufundishe. Mwanafunzi wa Kasese atakayejua kutofautisha iliyokwama na iliyoganda ataweza kumweleza fundi wa Bwera au wa Beni tatizo lake kwa simu, na fundi ataweza kuanza kazi kabla ya kupanda pikipiki.